Nyumba Nyuma ya Mashairi: Maisha ya Kila Siku ya William Wordsworth na Jamaa Yake

Utangulizi

Jina la William Wordsworth (1770–1850) si geni kwa wale waliowahi kusoma fasihi ya Kiingereza. Yeye huhesabiwa miongoni mwa washairi wakuu wa mkondo uitwao Uromantiki, yaani mkondo wa waandishi na wasanii wa Ulaya ambao, tangu mwisho wa karne ya 18, walitukuza hisia za moyo, uzuri wa maumbile, na heshima ya mtu wa kawaida. Picha yake inayobaki akilini mwa wasomaji wengi ni ya mtu aliye peke yake. Anatembea milimani, anasimama kando ya ziwa, anatafakari, kisha anarudi nyumbani na shairi.

Makala hii yahusu nyumba hiyo aliyorudi. Tunakusudia kuuliza maswali ambayo vitabu vya fasihi huyapita upesi. Nani alioka mkate? Nani alifua nguo? Fedha za matumizi zilitoka wapi? Nani alinakili mashairi hayo kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa? Nani aliufungua mlango maskini walipobisha? Na mgonjwa alipopatikana, nani alimwuguza?

Huenda msomaji akaona kwamba maswali haya ni madogo, au kwamba ni udaku tu uliovaa joho la elimu. Hoja yetu ni kinyume cha hayo. Tutajaribu kuonyesha kwamba kazi iliyobeba jina la mtu mmoja ilikuwa kazi ya nyumba nzima, na kwamba wasifu unaomtaja mtu mmoja tu hausemi kweli yote, hata kama kila tarehe iliyomo ni sahihi.

Watoto Waliotawanyika

William alizaliwa Cockermouth, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 7 Aprili 1770. Dada yake, Dorothy, alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1771. Walikuwa watoto watano: Richard, William, Dorothy, John na Christopher. Mama yao alifariki mwaka 1778. Dorothy, akiwa na umri wa miaka sita, alipelekwa Halifax kulelewa na binamu ya mama yake, na kwa muda wa miaka tisa hakuonana na kaka zake. Baba yao, aliyekuwa wakili na msimamizi wa mali ya tajiri mkubwa, Sir James Lowther, alifariki mwishoni mwa mwaka 1783. Tajiri huyo alikuwa na deni kwa marehemu la zaidi ya pauni 4,000, naye akakataa kuwalipa yatima. Deni hilo halikulipwa mpaka alipokufa yeye mwenyewe mwaka 1802 na mrithi wake akakubali kulilipa.

Ni vema kuyakumbuka mambo haya tunapoingia katika nyumba yao ya baadaye. William na Dorothy walikuwa yatima waliotawanywa katika nyumba za watu wengine. Tangu ujana wao walitamani kuwa na nyumba yao wenyewe. Nafasi ilipatikana mwaka 1795, rafiki mmoja kijana, Raisley Calvert, alipofariki na kumwachia William pauni 900 ili apate kuandika bila kulazimika kutafuta kazi nyingine. Tangu hapo kaka na dada wakaishi pamoja, kwanza Dorset, kisha Somerset, halafu Ujerumani katika mji wa Goslar walikopitisha majira makali ya baridi ya mwaka 1798 na 1799. Tarehe 20 Desemba 1799 walifika katika kijiji cha Grasmere, kwenye nchi ya maziwa na milima, wakapanga nyumba ndogo mahali palipoitwa Town End. Siku hizi nyumba hiyo hujulikana kwa jina la Dove Cottage, lakini wao hawakuiita hivyo. Zamani ilikuwa nyumba ya wageni yenye kuuza pombe.

Nyumba ya Town End

Nyumba ilikuwa ya kawaida kabisa. Vyumba vya chini vilikuwa na giza na sakafu ya mawe. Chumba kimoja kidogo cha juu kilikuwa na baridi sana, hata Dorothy akazibandika kuta zake kwa magazeti ya zamani ili kukipasha joto. Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani iliyopanda mlima, nao wakapanda humo njegere, maharagwe na mboga nyingine. Dorothy alikuwa akichimbua maua ya mwituni kando ya ziwa na msituni, akayapandikiza bustanini.

Kwa habari ya kazi za ndani, tunao ushahidi wa wazi katika barua za Dorothy. Walimwajiri jirani mmoja mwanamke, Molly Fisher, aliyekuwa na umri wa miaka 60 hivi. Alikuja kwa saa mbili au tatu kila siku, akawasha moto, akaosha vyombo, akatayarisha viazi, naye alilipwa shilingi mbili kwa juma. Kazi iliyosalia ilikuwa ya Dorothy. Alioka mikate na pai, alishona mashati, alitia viraka, alitengeneza magodoro, alipalilia bustani. Ufuaji mkubwa ulifanyika mara moja kila baada ya majuma matano hivi, na siku ya pili yake Dorothy alimsaidia Molly kupiga pasi.

William naye hakukaa bure. Alipasua kuni, alichimba kisima, alifyeka njia katika bustani. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya kutunga, na utungaji wake ulikuwa wa namna ya pekee. Alitunga akitembea, mara nyingi akienda na kurudi katika njia ileile ya bustani, huku akitamka maneno kwa sauti. Kushika kalamu kulimchosha mno. Mara kwa mara, akisahihisha shairi, aliumwa kichwa na ubavu hata akashindwa kula na kulala. Kwa hiyo mara nyingi yeye alitamka, na mwingine akaandika. Katika miaka ya kwanza, huyo mwingine alikuwa Dorothy.

Katika mazingira haya ndimo yalimozaliwa mashairi mengi ambayo wataalamu huyahesabu kuwa bora kuliko yote aliyotunga. Yalizaliwa katika nyumba yenye harufu ya mkate na moshi, ambamo mtu mmoja aliweza kupotea katika mawazo kwa sababu mwingine alikumbuka kwamba chungu kiko motoni.

Daftari la Dorothy

Twajuaje haya yote? Tarehe 14 Mei 1800 William aliondoka pamoja na mdogo wake John kwenda Yorkshire kumtembelea Mary Hutchinson, rafiki yao wa tangu utoto. Dorothy, aliyebaki peke yake, aliwasindikiza kwa machozi, kisha akaazimu kuandika habari za kila siku mpaka watakaporudi. Alitaja sababu mbili: hakutaka kugombana na nafsi yake mwenyewe, tena alitaka kumfurahisha William akirudi na kuyasoma. Aliendelea kuandika, ingawa kwa vipindi, mpaka Januari 1803.

Daftari hilo ni hazina kwa mwanahistoria. Humo hali ya anga, ugonjwa wa jino, barua kutoka kwa rafiki yao Samuel Taylor Coleridge, rangi ya mbalamwezi juu ya ziwa, na pai zilizookwa siku hiyo, vyote vimeandikwa pamoja bila kutengwa. Dorothy hakuona ukuta kati ya mambo makubwa na madogo.

Tena daftari lilifanya kazi. Tarehe 15 Aprili 1802, kaka na dada walikuwa wakitembea kando ya ziwa la Ullswater siku ya upepo mkali. Waliona maua ya manjano yaitwayo dafodili, mengi mno, yakiyumba ufukoni. Dorothy aliyaeleza katika daftari lake kwa maneno mazuri sana, akayafananisha na viumbe wenye uhai wanaopumzika, wanaocheza na kucheka. Miaka miwili hivi ilipita kabla William hajatunga shairi lake mashuhuri juu ya maua hayo, lililochapishwa mwaka 1807. Katika shairi hilo mtazamaji yuko peke yake. Katika daftari wako wawili. Tena mistari miwili ya shairi hilo, ambayo William mwenyewe aliiona kuwa bora kuliko mingine yote, ilitungwa na Mary, mkewe.

Jambo kama hilo lilitokea kuhusu mzee mmoja maskini waliyekutana naye njiani mwaka 1800. Kazi yake ilikuwa kukusanya ruba na kuwauzia waganga, ambao wakati ule waliwatumia kufyonza damu ya wagonjwa. Mzee alikuwa amempoteza mkewe na watoto wake tisa kati ya kumi, na ruba nao walikuwa wameadimika. Dorothy aliandika habari zake. Mwaka 1802 William alitunga shairi refu juu ya mzee huyo, na humo tena msafiri anayemkuta mzee yuko pekee yake nyikani.

Haitakuwa haki kusema kwamba William aliwaficha wenzake. Katika shairi lake kubwa juu ya bonde la mto Wye, lililochapishwa mwaka 1798, yeye anamgeukia dada yake mwishoni na kusema naye kwa upendo mwingi. Ile mistari miwili ya Mary alikiri waziwazi kwamba si yake. Lakini shairi lina mazoea yake, na mojawapo ya mazoea ya Uromantiki ni kusema "mimi" mahali ambapo nyumba ilisema "sisi". Msomaji asiyelijua daftari huamini kwamba upweke ule ni historia.

Mlango Uliobishwa

Miaka ile ilikuwa ya vita kati ya Uingereza na Ufaransa. Barabara iliyopita mlangoni pa Town End ilikuwa na watu wengi wasio na makao: askari waliojeruhiwa, mabaharia, wajane, watoto wa kuombaomba. Walibisha, na kwa kawaida aliyefungua mlango alikuwa Dorothy. Aliwapa kipande cha mkate au senti kidogo, lakini pia aliwauliza wametoka wapi, akasikiliza, akaandika.

Mwaka 1800 alikuja mwanamke mrefu sana, mwombaji, akiongozana na mtoto asiye na viatu. Dorothy alimpa mkate. Baadaye siku hiyohiyo alikutana njiani na wavulana wawili waliofanana na mwanamke yule, nao wakadai kwamba mama yao amekufa. Dorothy akawajibu kwamba amemwona kwa macho yake na kumpa mkate. Mwezi Machi 1802 William alipoamua kutunga shairi juu ya habari hiyo, Dorothy alimsomea maelezo yake ya wakati ule. Matokeo yake yanachekesha na kufundisha. William alishindwa kuendelea, kwa sababu maneno ya dada yake yalikuwa yamemnasa, naye hakuweza kupata mengine. Shairi lilikamilika kesho yake asubuhi, kabla hajatoka kitandani. Hapa twaona kwamba Dorothy hakuwa mwandishi wa kumbukumbu tu. Maneno yake yalikuwa na nguvu ya kumshinda mshairi kwa usiku mmoja.

Sehemu ya mwisho ya daftari, ya Januari 1803, inastahili kutajwa. Ilikuwa Jumapili yenye baridi kali. William alitamani mkate wa tangawizi. Dorothy alivaa joho la Molly, wakaenda pamoja mpaka kwa kipofu mmoja, Matthew Newton, aliyeuza mikate hiyo nyumbani kwake. Aliwakuta yeye, mkewe na dada yake wameketi karibu na moto katika nguo safi za Jumapili. Dorothy aliulizia mkate mnene, haukuwapo, akanunua mwembamba wa senti sita. Watu wale walishukuru mno hata akashindwa kuwaambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekusudia kuoka. Kesho yake mke wa kipofu alikuja na mkate mnene aliokuwa amewatafutia, akawakuta wakioka, nao wakanunua tena wa senti mbili. Hapo daftari linakaribia kukoma. Ni habari ndogo, lakini ndani yake mna adabu ya mtu anayelinda heshima ya maskini asipate kuona kwamba amesaidiwa.

Adabu hiyo ilijaribiwa kwa jambo kubwa zaidi mwezi Machi 1808. George na Sarah Green, watu maskini wa bonde la Easedale karibu na Grasmere, walipotea katika dhoruba ya theluji wakirudi kutoka mnadani, wakafa mlimani. Waliacha watoto wanane. Jane, msichana wa miaka 11, aliwatunza wadogo zake nyumbani bila kujua kwamba wamekuwa yatima. Mmoja wa mabinti wa marehemu alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa Wordsworth. Jamaa yote ilishika kazi: William aliandika barua za kuomba michango, Mary alikuwa miongoni mwa wanawake waliochaguliwa kuwatafutia watoto nyumba za kulelewa, na Dorothy akaandika masimulizi kamili ya mkasa huo. Zaidi ya pauni 500 zilikusanywa. Marafiki walimsihi Dorothy ayachapishe masimulizi yake. Alikataa, kwa kuwa hakutaka watoto hao watazamwe na kusemwa na watu wakingali hai, tena alichukia wazo la kujifanya mwandishi. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1936.

Ndoa, Watoto na Wanakili

Tarehe 4 Oktoba 1802 William alimwoa Mary Hutchinson huko Brompton, Yorkshire. Dorothy, ingawa alimpenda Mary tangu ujana, hakwenda kanisani. Alilala kitandani akiwa kama mtu aliyezimia, mpaka habari ilipoletwa kwamba wenye arusi wanarudi. Siku mbili baadaye, wote watatu waliingia Grasmere pamoja.

Miezi miwili kabla ya arusi, kaka na dada walikuwa wamefanya safari nyingine. William, alipokuwa Ufaransa wakati wa Mapinduzi, alikuwa amempenda Annette Vallon, naye akamzalia binti, Caroline, Desemba 1792. Vita viliwatenga. Amani ya muda ilipopatikana mwaka 1802, William na Dorothy walikwenda Calais wakakaa mwezi mzima wakionana na Annette na mtoto, aliyekuwa na miaka tisa. Mary alijua. Jambo hilo halikuwa siri ndani ya nyumba. Tutarudi kwalo.

Watoto wa William na Mary walikuwa watano: John (1803), Dora (1804), Thomas (1806), Catherine (1808) na mdogo William (1810). Sara, mdogo wake Mary, naye akaja kukaa pamoja nao. Hivyo watoto walilelewa na mama, shangazi na mama mdogo, na wanawake hao watatu wakawa pia ofisi ya mshairi. Mwaka 1804 Dorothy na Mary walimnakilia Coleridge, aliyekuwa akisafiri kwenda Malta, mashairi yote ya William yasiyochapishwa. Majira ya baridi yaliyofuata mwaka 1805 walinakili upya, kila mmoja nakala yake, shairi refu la maisha ya William lenye vitabu 13. Fikiri, msomaji, kazi ya kunakili maelfu ya mistari kwa kalamu ya manyoya, karibu na mshumaa, na mtoto akilia katika chumba cha pili! Shairi hilo halikutoka mpaka mwaka 1850, miezi michache baada ya kifo cha mtunzi, na jina lake lilitolewa na Mary.

Wakati huohuo nyumba ilipigwa na msiba. Februari 1805 John, mdogo wao baharia, alizama pamoja na meli aliyoiongoza karibu na Weymouth. Katika miezi ya huzuni iliyofuata mashairi yalisimama, lakini watoto walihitaji kula, na kazi ya nyumba ikaendelea.

Misiba ya Mwaka 1812

Nyumba ya Town End ilipozidiwa na watu, walihamia Allan Bank mwaka 1808, nyumba kubwa ambayo mabomba yake ya moshi yaliwasumbua bila kikomo. Mwaka 1811 wakahamia nyumba ya kasisi wa Grasmere, iliyokuwa mkabala na kanisa la Mtakatifu Oswald. Ilikuwa na unyevu mwingi, tena dirishani palionekana makaburi.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 1812 Catherine, aliyekuwa hajatimiza miaka minne, alishikwa na degedege akafa. William alikuwa London, na Mary alikuwa Wales kwa kaka yake. Dorothy ndiye aliyekuwapo. Ndiye aliyeandika barua, ndiye aliyesimamia mazishi. Mtoto alizikwa kabla wazazi wake hawajafika. Tarehe 1 Desemba mwaka uleule Thomas, mwenye umri wa miaka sita, alifariki kwa surua, akazikwa kando ya dada yake.

Wenye kukaa katika nyumba za makasisi huzoea kuona makaburi ya watu wengine. Kwa jamaa hii makaburi hayo yalikuwa ya watoto wao, na kila asubuhi dirisha liliwakumbusha. Hawakuweza kuvumilia. Mwezi Mei 1813 walihamia Rydal Mount, kiasi cha maili mbili kutoka hapo. Mwaka huohuo William alipata kazi ya serikali ya kusimamia ugawaji wa stempu za ushuru katika wilaya ya Westmorland, kwa msaada wa jamaa ileile ya Lowther ambayo zamani ilikataa kumlipa baba yake. Wako waliomlaumu kwamba ameuza uhuru wake. Hatutaki kuamua shauri hilo hapa. Twasema tu kwamba atakayempima mtu huyu bila kuutazama mwaka 1812 atampima kwa mizani pungufu.

Aliyehudumu Ahudumiwa

Kijana John, mtoto wa kwanza, akawa kasisi. Mwaka 1828 alipokuwa kasisi msaidizi huko Whitwick, Leicestershire, hakuwa na mke. Shangazi yake Dorothy, mwenye umri wa karibu miaka 57, alikwenda kumtunzia nyumba. Huko, Aprili 1829, aliugua sana. Alipona kwa kiasi, akaugua tena na tena. Mwaka 1835, uleule aliofariki Sara, akili yake ilianza kudhoofika, na hakupona tena. Alipewa dawa ya afyuni, kama ilivyokuwa desturi ya waganga wa wakati ule. Siku nyingine aliimba, siku nyingine alipiga kelele kwa ghadhabu. Aliyakumbuka mashairi, akayakariri moja baada ya jingine, hata alipokuwa amesahau mambo ya jana yake.

Wazee wa akili waliodhoofika hawakuwa na heshima nyingi katika Uingereza ya karne ya 19. Wengi walipelekwa katika nyumba za wenda wazimu. Dorothy hakupelekwa. Alikaa Rydal Mount kwa muda wa miaka 20 hivi, katika chumba chake chenye moto, akisukumwa nje kwa kiti cha magurudumu siku zenye jua. William, ambaye mwaka 1843 alifanywa mshairi rasmi wa Malkia, alimhudumia mtu ambaye zamani alimhudumia yeye. Na William alipofariki tarehe 23 Aprili 1850, mzigo huo ulibebwa na Mary, akiwa na miaka karibu 80, mpaka Dorothy alipofariki Januari 1855. Dora, binti yao, alikuwa ameshatangulia mwaka 1847. Mary mwenyewe alifariki mwaka 1859, macho yake yakiwa yamefifia.

Vitabu vingi huitaja miaka hiyo 20 kwa aya moja, kwa sababu mashairi bora yalikuwa yamekwisha kutungwa. Lakini je, kipimo cha maisha ya mtu ni mashairi yake tu? William aliandika mengi juu ya uvumilivu wa watu wa kawaida, wachungaji wa kondoo, wajane na wazee. Katika chumba kile cha juu maneno hayo yalidaiwa malipo, naye na mkewe wakayalipa siku kwa siku.

Hitimisho: Mwandishi wa Wasifu na Mkasi Wake

Wasifu wa kwanza wa William ulitoka mwaka 1851. Mwandishi wake alikuwa mpwa wake, Christopher Wordsworth, kasisi msomi ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lincoln. Alikuwa na karatasi za jamaa, akatumia hata vipande vya daftari la Dorothy. Hakumtaja Annette Vallon wala mtoto Caroline. Wasomaji walikaa mpaka karne ya 20, zaidi ya miaka 60, kabla wataalamu hawajaifunua habari hiyo. Walipoifunua, wengi walistuka kana kwamba wamedanganywa, ilhali nyumba yenyewe haikuwahi kujidanganya.

Mkasi wa pili ulikuwa wa namna nyingine. Mwaka 1897 William Knight, mtaalamu aliyempenda sana mshairi, alichapisha madaftari ya Dorothy. Alieleza katika dibaji kwamba ameacha mambo kadha yasiyo na maana, kwani hakuona haja ya kuchapisha kila mahali ambapo dada aliandika kwamba leo ametengeneza mashati ya William, au kwamba William ameokota kuni. Kasisi alikata aibu. Mtaalamu alikata mashati. Kila mmoja alikusudia heshima, na kila mmoja alituachia mtu mpungufu.

Jambo hili latuhusu kwa karibu. Miongoni mwa kazi ambazo mchungaji huombwa kufanya bila kufundishwa sana ni kuandika wasifu: wa marehemu siku ya mazishi, wa mzee wa usharika anayestaafu, wa usharika wenyewe unapotimiza miaka 50 au 100. Mara nyingi tunapokea karatasi yenye tarehe, vyeo na safari za mtu mmoja. Mke hutajwa katika mstari wa idadi ya watoto. Dada aliyetunza nyumba hatajwi kabisa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huondolewa, naye ameketi mbele yetu katika benchi la tatu akisikiliza jinsi anavyofutwa.

Si kila neno la nyumbani linafaa kutangazwa. Dorothy mwenyewe alitufundisha hilo alipokataa kuchapisha habari za yatima wa Green. Lakini yeye alinyamaza ili kuwalinda wadogo. Waliomhariri walinyamaza ili kumkuza mkubwa. Tofauti kati ya kunyamaza kwa namna ya kwanza na kwa namna ya pili ni tofauti ambayo kila mwandishi wa wasifu hana budi kuipima kabla hajachukua mkasi.

Madaftari yamehifadhiwa Grasmere, na tangu mwaka 1941 yamechapishwa kwa ukamilifu zaidi. Mashati yamerudishwa mahali pake. Msomaji anayeyafungua leo atakuta, katika ukurasa mmoja, mbalamwezi, maumivu ya jino, mwombaji mlangoni, mkate uliookwa, na shairi lililomaliziwa kitandani.